Mto Mmoja, Daftari Moja: Mwongozo wa Kulinda na Kugawana Maji Kijijini

Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, Mto Ruaha Mkuu ulitiririka mwaka mzima. Maji yake hushuka kutoka nyanda za juu za Mbeya, Njombe na Iringa kwa mito kama Mbarali, Kimani, Chimala na Ndembera, hukusanyika katika bonde la Usangu na ardhi oevu ya Ihefu, hupita Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, kisha huingia bwawa la Mtera na lile la Kidatu kabla ya kufika Rufiji. Mwaka 1993 mto huo ulikatika ndani ya hifadhi wakati wa kiangazi. Tangu hapo kukatika kumekuwa jambo la karibu kila mwaka, viboko wakibanana kwenye madimbwi machache na mitambo ya umeme ikisubiri maji yasiyofika kwa wakati.

Lawama zilikwenda kila upande: ukame, ng'ombe, wakulima wa mpunga, ukataji wa misitu milimani. Uchunguzi uliofanyika Usangu baadaye ulionyesha kwamba sehemu kubwa ya tatizo ni maji yanayochepushwa wakati mto umepungua. Mabanio mapya ya zege yaliweza kuchukua karibu maji yote ya kiangazi, na mifereji iliendelea kutiririka hata mpunga ulipokuwa umeshavunwa. Aliyefungua mfereji wake hakuwa mwizi. Kila mmoja alichukua chake, na hakukuwapo mtu wa kujumlisha.

Mwongozo huu ni wako wewe unayeishi kando ya mto, mfereji, chemchemi au kisima cha jumuiya nchini Tanzania: mkulima, mfugaji, mjumbe wa kamati ya maji, mwenyekiti wa kitongoji, mwalimu wa shule ya msingi. Hoja yake ni moja. Kupanda miti kwenye chanzo ni jambo jema, lakini chanzo hudumu pale wanaokitumia wanapojua kuna maji kiasi gani, wanapokubaliana nani achukue lini, na wanapoandika kila kitu hadharani. Hatua zinazofuata zimepangwa kwa mfuatano huo.

Kabla ya yote: jua maji yako yako chini ya nani

Kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009, maji yote ya Tanzania Bara ni mali ya umma, Rais akiwa mdhamini kwa niaba ya wananchi. Hakuna anayemiliki mto kwa sababu unapita shambani kwake, wala chemchemi kwa sababu babu yake ndiye aliyeichimbua. Mtu hupata haki ya kutumia maji, na haki hiyo ina masharti.

Nchi imegawanywa katika mabonde tisa: Pangani, Wami/Ruvu, Rufiji, Ruvuma na Pwani ya Kusini, Ziwa Nyasa, Bonde la Kati, Ziwa Rukwa, Ziwa Tanganyika na Ziwa Victoria. Kila bonde lina Bodi ya Maji, na hiyo ndiyo inayotoa vibali vya kutumia maji na vya kutiririsha majitaka. Ndani ya bonde kuna vidakio, yaani maeneo ambayo mvua yake huishia kwenye mto mmoja, na chini ya vidakio ndipo zilipo jumuiya za watumia maji.

Wengi huchanganya ofisi, wakazunguka miezi kwa jambo la siku moja. Shikilia mgawanyo huu:

- Mtu amelima kwenye chemchemi, amefungua mfereji bila kibali au anamwaga uchafu mtoni: nenda Bodi ya Maji ya Bonde, kupitia jumuiya yenu kama ipo.
- Bomba la kijiji limepasuka, pampu imekufa au bei ya ndoo haieleweki: nenda kwenye chombo cha watoa huduma ya maji ngazi ya jamii, ambacho kiko chini ya RUWASA, wakala wa maji vijijini ulioanza kazi Julai 2019.
- Unaishi mjini na unahudumiwa na mamlaka ya maji: anza na mamlaka yenyewe, usiporidhika, peleka malalamiko EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji.
- Skimu ya umwagiliaji ina matatizo ya banio au mfereji mkuu: Tume ya Taifa ya Umwagiliaji na ofisi ya kilimo ya wilaya.

Andika majina ya ofisi hizi na mahali zilipo kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari mtakalolianzisha.

Hatua ya kwanza: utembeeni mto kwa miguu

Chagueni siku moja ya kiangazi, maji yakiwa machache na kila kitu kikiwa wazi. Mtembee kutoka chanzo hadi mahali mto unapotoka kwenye eneo lenu. Kundi liwe la watu wanane hadi kumi na wawili, na liwe mchanganyiko: mwanamke anayechota maji kila siku, mkulima wa juu, mkulima wa chini, mfugaji, kijana anayefyatua tofali, mzee anayekumbuka mto ulivyokuwa, na ofisa mtendaji wa kijiji. Msiwaache wa bondeni wakaletewa taarifa baadaye. Wao ndio wanaojua maji huishia wapi.

Njiani, chora ramani ya mkono kwenye karatasi kubwa. Weka alama kwenye kila chemchemi, banio, mfereji, pampu, mahali ng'ombe wanaponyweshea, mahali watu wanapochota, mashamba yaliyoingia kingoni, mashimo ya mchanga, tanuri za tofali, na vyoo vilivyo karibu na maji. Kwa kila mfereji andika unahudumia watu wangapi na kama una kibali. Kwa kila chemchemi muulize mzee: ilikuwa ikikauka zamani? Ilianza kukauka mwaka gani? Nini kilibadilika karibu na mwaka huo?

Mkimaliza, bandikeni ramani kwenye ofisi ya kijiji. Mara nyingi ndiyo mara ya kwanza watu kuona kwamba mfereji wao ni mmoja kati ya saba inayonyonya mto huo huo.

Hatua ya pili: pimeni maji

Kugawana kitu ambacho hakuna aliyekipima ni kupanga ugomvi. Kupima maji hakuhitaji mtaalamu wala mashine.

Kwa chemchemi ndogo, elekeza maji yote yapite kwenye kipande cha bomba, kisha kinga ndoo ya lita 20 na uhesabu sekunde kwa simu. Rudia mara tatu na uchukue wastani. Ndoo ikijaa kwa sekunde 10, chemchemi inatoa lita 2 kwa sekunde, sawa na lita 172,800 kwa siku.

Kwa kijito au mfereji, tafuta sehemu iliyonyooka yenye urefu wa mita 10. Pima upana wa maji, kisha pima kina mahali patano na upate wastani wake. Achia kitu kinachoelea, kama ganda la chungwa, na uhesabu sekunde kinazotumia kumaliza mita 10. Tuseme upana ni mita 1, kina ni mita 0.2, na ganda limetumia sekunde 25. Kasi ni mita 0.4 kwa sekunde. Maji ya juu huenda haraka kuliko ya chini na ya pembeni, kwa hiyo zidisha kasi hiyo kwa 0.8, upate 0.32. Sasa zidisha 1 × 0.2 × 0.32: mfereji unapitisha mita za ujazo 0.064, yaani lita 64 kwa sekunde.

Pimeni mahali palepale, mara moja kwa mwezi wakati wa mvua na mara moja kwa wiki wakati wa kiangazi. Wanafunzi wa darasa la sita wanaiweza kazi hii, nao hujifunzia hesabu hapo hapo. Chomekeni pia nguzo yenye alama za sentimita kwenye kingo ili yeyote apitaye aone kina kimeshuka au kimepanda.

Kipimo cha chini kabisa cha mwaka ndicho namba muhimu kuliko zote. Pangeni matumizi kwa kipimo cha Oktoba, msipange kwa kipimo cha Aprili.

Hatua ya tatu: undeni jumuiya yenye meno

Sheria ya 2009 inawaruhusu watumiaji wengi wa chanzo kimoja kukubaliana na kuunda jumuiya ya watumia maji. Ikishasajiliwa, jumuiya inaweza kusimamia na kugawa maji ya chanzo chao, kuomba na kushika kibali kwa niaba ya wanachama, kusuluhisha migogoro na kukusanya ada kwa niaba ya Bodi ya Bonde. Hayo ni mamlaka makubwa. Vijiji vingi havijayatumia kwa sababu tu hakuna aliyesimama kuyaeleza.

Anzeni na mkutano mkuu wa kijiji, ule unaopaswa kufanyika kila miezi mitatu. Kama mto unapita vijiji vitatu, jumuiya iwe ya vijiji vyote vitatu, kwa kuwa mto haujui mpaka wa kijiji. Ombeni ofisi ya Bodi ya Bonde ilete ofisa wa maendeleo ya jamii awaongoze katika usajili. Kisha andikeni katiba fupi ambayo kila mwanachama anaweza kuielewa ikisomwa kwa sauti. Isikose mambo haya:

- Mipaka ya eneo, na orodha ya vyanzo na mifereji inayohusika.
- Nani ni mwanachama: wakulima, wafugaji, wavuvi, wachotaji wa maji ya nyumbani, shule, zahanati, wenye viwanda vidogo.
- Uongozi una muda gani madarakani na unaondolewaje. Miaka mitatu inatosha.
- Nafasi za wanawake zitajwe kwa namba, na mmoja wao awe mtunza hazina au katibu, si mjumbe wa kukaa tu.
- Nafasi za watu wa chini ya mto zitajwe kwa namba. Kamati ya watu wa juu peke yao itagawa maji ya watu wa juu peke yao.
- Wafugaji wawe na kiti cha kudumu, hata kama wanahama kwa msimu.
- Akidi ya mkutano, utaratibu wa kupiga kura, na adhabu zilizotajwa kwa kiasi.

Kanuni zitakazomgusa kila mkazi, kama marufuku ya kulima kwenye chanzo, zigeuzwe kuwa sheria ndogo za kijiji. Halmashauri ya kijiji huziandaa, mkutano mkuu huzijadili na kuzikubali, kisha halmashauri ya wilaya huzipitisha. Faini isiyo na sheria ndogo nyuma yake ikipingwa, haitasimama.

Hapa mila zina cha kufundisha. Wachagga wa mteremko wa Kilimanjaro waliendesha mifongo yao, yaani mifereji ya asili, kwa vizazi vingi kwa kanuni iliyo wazi: anayetaka zamu ya maji hutoka siku ya kazi ya kusafisha mfongo, na asiyetoka bila sababu hupoteza zamu au hulipa. Haki na wajibu vilifungwa pamoja. Kama kijiji chenu kina utaratibu wa namna hiyo ambao bado unaheshimiwa, uandikeni katika katiba badala ya kuufuta na kuleta mpya.

Hatua ya nne: gawaneni kwa mafungu

Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 iliweka mpangilio: kwanza mahitaji ya msingi ya binadamu, pili mazingira yanayozaa maji hayo, kisha shughuli nyingine za uchumi. Fuateni mpangilio huo kwa hesabu.

Chukueni mfano wetu wa lita 64 kwa sekunde. Kijiji cha watu 2,000, kwa kiwango cha sera hiyo ya 2002 cha lita 25 kwa mtu kwa siku, kinahitaji lita 50,000. Ng'ombe 500 wanaokunywa lita 40 kila mmoja wanahitaji lita 20,000. Jumla ni lita 70,000 kwa siku, ambazo hazifiki hata lita 1 kwa sekunde. Hata mkizidisha mara tatu kwa ajili ya upotevu na ongezeko la watu, bado hazifiki lita 3 kati ya 64. Kwa hiyo mtu anapokosa maji ya kunywa kando ya mto unaotiririka, tatizo liko kwenye mgao. Na anayetafuta maji ya kuokoa atayapata zaidi kwenye umwagiliaji kuliko popote.

Baada ya maji ya watu na mifugo, kubalianeni kiasi kitakachobaki mtoni bila kuguswa. Bodi ya Bonde itawashauri kiwango kwa mto wenu. Maji hayo yanaweka hai samaki, miti ya kingoni na visima vifupi vya bondeni, na ndiyo sehemu ya jirani asiyekuwepo kwenye mkutano wenu.

Kinachosalia kigawanywe kwa mafungu badala ya kiasi kisichobadilika. Usangu walionja madhara ya vibali vilivyotaja lita kwa sekunde: namba hizo zilipojumlishwa, zilizidi maji yaliyokuwamo mtoni wakati wa kiangazi. Mafungu huepusha jambo hilo. Mkisema mfereji A una mafungu 6 na mfereji B mafungu 4, basi mto ukiwa na maji mengi wote hupata zaidi, na ukipungua wote hupungukiwa kwa uwiano uleule. Jengeni kigawa maji cha zege chenye milango miwili, mmoja na upana wa sentimita 60 na mwingine sentimita 40, kizingiti chake kikiwa sawa kabisa. Kikishajengwa hivyo, mgao huonekana kwa macho na ubishi hupungua.

Ndani ya mfereji, tumieni zamu. Mfereji unaofunguliwa saa 12 kwa siku, siku 6 kwa wiki, una saa 72. Wakulima 36 wenye mashamba yanayolingana watapata saa 2 kila mmoja. Mwenye shamba kubwa alipe zaidi ili apate saa zaidi. Orodha ya zamu ibandikwe, na ianze mkiani mwa mfereji wiki moja na kichwani wiki inayofuata, ili wa mwisho asiwe wa mwisho daima. Na mpunga ukivunwa, banio lifungwe. Kama kuna kaya zinazotegemea mfereji kwa maji ya nyumbani, wekeni bomba dogo la kuwafikishia. Mfereji mzima usiachwe wazi kwa ajili ya ndoo mia moja.

Hatua ya tano: lindeni chanzo na kingo

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu, au zenye kuharibu hifadhi ya eneo, ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, ziwa au bwawa. Wananchi wengi wamewahi kuisikia, wachache wameiona ardhini. Pimeni kwa kamba, pandeni vigingi vya zege au minyaa inayoonekana, na andikeni alama hizo kwenye mpango wa matumizi bora ya ardhi ya kijiji.

Ndani ya mita hizo kuna watu. Mjane mwenye bustani ya mchicha kingoni hataondoka kwa sababu mmemsomea kifungu. Kaeni naye: mpeni msimu mmoja amalize mazao, mtafutieni kipande kingine, au mruhusuni afuge nyuki na kuvuna majani ya ng'ombe ndani ya eneo bila kutifua udongo. Kumfukuza bila mbadala huleta jembe la usiku, na jembe la usiku halina mpaka.

Kuhusu miti, chagueni ile ambayo wataalamu wa misitu huiita rafiki wa maji: mikuyu, misesewe, mizambarau ya asili, na mingine ambayo wazee wanaikumbuka penye chemchemi. Mikaratusi iwekwe mbali na vyanzo, kwa sababu hunyonya maji mengi na hukua haraka. Mara nyingi kuzuia moto na mifugo kwa miaka michache huotesha msitu bora kuliko miche elfu iliyopandwa siku ya sherehe na kuachwa ife Agosti.

Mifugo isikatazwe maji, ipelekewe. Jengeni mbauti, yaani mabirika ya kunyweshea, nje ya eneo la hifadhi, yajazwe kwa bomba kutoka chanzo, na wekeni njia moja ya mifugo iliyokubaliwa na wafugaji wenyewe. Juu ya mteremko, wakulima wachimbe makinga maji na kupanda majani ya tembo kwenye matuta, ili mvua izame ardhini badala ya kushuka na udongo. Maji yanayozama Machi ndiyo yanayotoka kwenye chemchemi Septemba. Vyoo viwe angalau mita 30 kutoka kisima, na viwe upande wa chini.

Hatua ya sita: punguzeni yanayopotea

Shambani, anzeni na mfereji wenyewe. Safisheni matope na magugu kabla ya msimu, zibeni mianya, na sehemu yenye mchanga inayomeza maji ijengewe kwanza. Kwa mpunga, jifunzeni kilimo shadidi: miche michanga ya siku 8 hadi 12, mmoja mmoja, kwa nafasi ya sentimita 25 kwa 25, na shamba linaloloweshwa kisha kuachwa likauke kidogo kabla ya kuloweshwa tena. Fukieni kipande cha bomba chenye matundu shambani. Kina cha maji ndani yake kikishuka sentimita 15 chini ya uso wa udongo, ndipo mfungue maji. Wakati mpunga unatoa maua, msiuache ukauke. Kwa bustani, matandazo ya nyasi hupunguza jua linaloiba maji, na kumwagilia jioni au alfajiri kuna faida kuliko saa sita mchana.

Kama chanzo ni kidogo, igeni ndiva za Upareni: bwawa dogo la kukusanya maji usiku na kuyaachia mchana. Kijito cha lita 2 kwa sekunde hakifiki mbali kikiachwa kitiririke chenyewe, lakini kikikusanywa kwa saa 10 za usiku kinatoa lita 72,000. Zikiachiwa asubuhi kwa nguvu moja, hufika hadi mkiani mwa mfereji.

Kwenye mradi wa bomba, kila mvujo una bei. Mahali panapovuja lita 1 kwa dakika hupoteza lita 1,440 kwa siku, yaani ndoo 72. Fungeni dira kubwa pale maji yanapotoka kwenye tangi, na dira nyingine kwenye kila kilula, yaani kituo cha kuchotea maji. Kila mwezi linganisheni maji yaliyotoka na yaliyouzwa. Tofauti ikikua, tembezeni macho kwenye njia ya bomba: majani mabichi yaliyostawi mahali pamoja wakati wa kiangazi huonyesha penye mpasuko.

Nyumbani, bati ni chanzo cha maji. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Nyumba yenye bati la mita 50 za mraba, mahali panaponyesha milimita 600 kwa mwaka, ikivuna asilimia 80 hupata lita 24,000. Anzeni na shule na zahanati, kisha kaya zinazoweza kuchangishana kwa zamu kununua matangi. Maji ya mvua ya kwanza yamwagwe, kwa kuwa hubeba vumbi na kinyesi cha ndege.

Hatua ya saba: fedha na daftari

Mali bila daftari hupotea bila habari, na fedha za maji ndizo hupotea kwanza. Miradi mingi ya maji iliyokufa vijijini ilikufa kwa kukosa valvu ya bei ndogo, siku ambayo hakuna aliyejua michango ya miaka miwili iko wapi.

Pangeni bei kwa kuanza na gharama: posho ya fundi na msoma dira, umeme au dizeli ya pampu, vipuri, ada ya Bodi ya Bonde, dawa ya kutibu maji, na akiba ya dharura. Jumla ya mwezi igawanywe kwa ndoo zinazouzwa, ndipo mpate bei ya ndoo. Wasiojiweza kabisa watajwe na mkutano mkuu, wasitajwe na mwenyekiti peke yake, na gharama yao iingizwe kwenye hesabu ili huruma isiue mradi.

Fedha zikae benki au kwenye mfumo wa malipo wa serikali, malipo yafanyike kwa namba ya kumbukumbu, na watia saini wawe watatu wasio ndugu. Kila mwezi bandikeni karatasi moja tu kwenye ubao wa matangazo na kwenye kila kilula: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Kila robo mwaka isomwe kwa sauti mkutanoni, na risiti ziwe mezani. Wanachama wachague wakaguzi wawili walio nje ya kamati. Kiongozi mwaminifu hapotezi kitu kwa utaratibu huu. Unamlinda dhidi ya maneno.

Hatua ya nane: suluhisheni mapema

Ugomvi wa maji huanza kwa mfereji uliofunguliwa usiku na unaweza kuishia kwa mapanga. Wekeni ngazi zilizo wazi. Siku ya kwanza, msimamizi wa mfereji anawakutanisha wahusika palepale. Ndani ya siku tatu, kamati ya jumuiya inakaa ikiwa na kipimo na orodha ya zamu mkononi. Ndani ya wiki mbili, suala linakwenda kwenye baraza la kata au Bodi ya Bonde. Kila uamuzi uandikwe pamoja na sababu zake.

Adhabu zipande polepole: onyo, kisha kupoteza zamu moja, kisha faini, kisha hatua za kisheria. Na zimfikie kila mtu. Siku mtakayomtoza faini mwenye pampu kubwa au ndugu wa diwani, ndiyo siku jumuiya itakapoaminiwa. Mkimwacha yeye na kumtoza mwenye bustani ndogo, katiba yenu itabaki kuwa karatasi.

Kalenda ya mwaka

Kwa maeneo yenye msimu mmoja wa mvua, kama Usangu, mwaka wa kazi unaweza kwenda hivi. Wenye vuli na masika wasogeze miezi kulingana na mvua zao.

- Novemba hadi Desemba: kusafisha mifereji, kukarabati makinga maji, kufunga mabomba ya bati, kupanda miti mvua zikishika.
- Januari hadi Aprili: kupima mara moja kwa mwezi, kukagua mmomonyoko kingoni, kukusanya ada za msimu.
- Mei: kusoma mapato na matumizi, kupitisha mgao wa kiangazi kabla maji hayajapungua. Makubaliano hupatikana kwa urahisi wakati hakuna mwenye kiu.
- Juni hadi Julai: kufunga mabanio ya mashamba yaliyovunwa, kukarabati mbauti, kulima njia za kuzuia moto.
- Agosti hadi Oktoba: kupima kila wiki, doria ya chanzo, zamu kali, na matembezi ya mto kwa ajili ya kulinganisha ramani ya mwaka huu na ya mwaka jana.

Hakuna kazi kati ya hizi inayosubiri mfadhili. Kamba, ndoo, ganda la chungwa, simu yenye saa na daftari la kurasa mia mbili vinatosha kuanza. Serikali ina wajibu wake: kutoa vibali kwa haki, kuleta wataalamu na kumshughulikia mkubwa anayevunja sheria. Mtaudai wajibu huo kwa nguvu zaidi mkiwa na vipimo vya miaka mitatu mkononi kuliko mkiwa na malalamiko peke yake. Basi kabla ya mkutano mkuu ujao wa kijiji, nenda kwa ofisa mtendaji, omba jambo moja liingizwe kwenye ajenda: siku ya kuutembea mto. Ukikubaliwa, taja tarehe palepale, na uwe wa kwanza kuandika jina lako.